Karatasi Niliyosema Nimeisoma

Nilirudi Kariakoo na stashahada. Naanza na hilo kwa sababu mazuri na mabaya yangu yote ya miaka hii yamepitia mlango huo. Wengi waliokwenda Guangzhou, China, walirudi na mabegi ya simu na nywele za bandia. Mimi nilikaa kule miaka minne, miwili kati yake nikiwa darasani, nikarudi na cheti cha biashara ya kimataifa. Hakuna aliyenilipia ada. Niliitoa miguuni mwangu, kwa kuwatembeza wafanyabiashara wa kwetu kwenye masoko ya kule, kuwatafutia vyumba na kuwapangia bei. Na kabla ya hapo niliuza soksi mkononi Mtaa wa Kongo, nikiwakimbia mgambo na boksi kichwani. Kwa hiyo mtu akisema najisifu, namwambia ajaribu kwanza kupita nilikopita.

Fremu yangu ilikuwa ghorofa ya pili Mtaa wa Aggrey. Kazi yangu ilikuwa kuunganisha mizigo. Mfanyabiashara mdogo hawezi kujaza kontena peke yake, kwa hiyo hujikusanya watano au sita, kila mtu na katoni zake, na kontena zima huingia nchini kwa jina moja. Jina hilo lilikuwa langu. Watu walinipa mzigo wao na mimi nikawapa jina langu kwenye karatasi, na kwa miaka sita hakuna aliyelala njaa kwa sababu yangu.

Nilikuwa na muhuri. Niliuchongesha siku ile ile nilipopata fremu. Ulisomeka IMESOMWA NA KUHAKIKIWA, chini yake jina langu, na chini ya jina, Stashahada. Kila karatasi iliyopita mezani kwangu niliigonga muhuri pembeni chini, upande wa kulia, kisha nikasaini. Jirani yangu muuza mapazia alikuwa akinitania kwamba hata risiti ya supu ningeihakiki. Alicheka, lakini karatasi zake aliniletea.

Sasa niseme lile ambalo nililificha. Kichina nakiongea. Nikiwa sokoni kule napatana bei, nagombana, nachekesha watu, naenda hospitali na kueleza ninapoumwa. Lakini kukisoma sijui. Masomo yangu yalikuwa kwa Kiingereza, kwa sababu darasa letu lilikuwa la wageni. Maandishi yao ninayoyatambua ni machache: kutoka, kuingia, wanaume, wanawake, tambi, hatari. Niliporudi, mtu wa kwanza kuniletea karatasi ya Kichina alikuwa muuza mashine za juisi. Alininyooshea kijitabu mbele ya watu, akasema, "Kaka, wewe umesoma kule, hebu nieleze hapa." Ningeweza kumwambia. Badala yake nilichukua kijitabu, nikaingia stoo, nikakipiga picha kwa simu, simu ikatafsiri, nikatoka na kumweleza kama mtu aliyekuwa akitafuta miwani tu. Akaenda kusema mtaani. Baada ya mwezi nilikuwa Mchina wa Aggrey, na jina hilo lilinipendeza kuliko nilivyomwonyesha mtu yeyote.

Simu haikuniangusha mara nyingi. Kilichoniangusha ni macho ya watu.

Ilikuwa mwezi wa kumi, msimu wa mizigo ya kufungulia shule na sikukuu za mwisho wa mwaka. Waliochangia kontena walikuwa watano, na wote walikuja siku moja kukabidhi karatasi, wakakaa kuizunguka meza yangu. Wawili ndio wanaohusu habari hii. Mmoja alikuwa dada wa Lindi, kwetu kabisa, anayeuza viatu vyeusi vya shule karibu na Mtaa wa Mchikichi. Wa pili alikuwa mtu wa mabeseni, bwana mchangamfu anayemwita kila mtu "mwanangu", hata aliyemzidi umri.

Mtu wa mabeseni alitoa karatasi zake zikiwa zimebanwa pamoja kama kiwanda kilivyompa. Ankara ya Kiingereza ilisema mabeseni na ndoo za plastiki. Nyuma yake palikuwa na karatasi nyembamba ya pinki, nakala ya kaboni iliyofifia, imeandikwa kwa mkono kwa Kichina mtupu. Hata hesabu zilikuwa za maandishi ya kwao, hakuna tarakimu hata moja ya kushika.

"Na hii ya pinki inasemaje, mwanangu?"

Maandishi ya mkono simu yangu haikuyaweza, hilo nililijua. Na kuinuka kwenda stoo watu watano wakinitazama nisingeweza. Niliishika karatasi, nikapitisha kidole juu yake taratibu, nikatingisha kichwa.

"Ni ya stoo ya kiwandani. Inathibitisha mzigo. Mabeseni, ndoo, idadi. Iko sawa."

"Umeona?" mtu wa mabeseni aliwaambia wenzake. "Mimi ningeitupa."

Dada wa Lindi akacheka. "Wewe ungeifungia karanga."

Nikaigonga muhuri. Nikasaini. Nikaiweka kwenye faili pamoja na nyingine, na faili lote likaenda kwa wakala wa forodha.

Kontena lilipofunguliwa bandarini, nyuma ya safu mbili za mabeseni palikuwa na spika. Spika kubwa za kumbi, za ushuru mwingine kabisa, hazikutajwa popote kwenye ankara ya Kiingereza. Kontena zima likazuiwa, mzigo wa mwenye kosa na wa wasio na kosa, maana forodhani kontena ni moja na mwenyewe ni mmoja.

Niliitwa polisi kutoa maelezo. Mpelelezi alikuwa mtu mpole, aliniuliza kama nimekula. Chumbani walikuwapo maofisa wengine wawili, na mmoja alipofahamu mimi ni nani akasema, "Huyu ndiye yule wa Kariakoo anayesoma Kichina kama gazeti." Nakiri kwamba nilikaa vizuri kwenye kiti.

Mpelelezi aliniwekea mbele karatasi ya pinki. "Muhuri huu wako?"

"Wangu."

"Na karatasi yenyewe uliisoma?"

Angekuwa peke yake pengine ningesita. Nilijibu, "Niliisoma. Hakuna karatasi inayopita kwangu bila kusomwa." Akaandika. Nikamwambia aongeze na stashahada. Akaongeza. Kisha nikasaini kila ukurasa, na ndipo akaniambia kwamba mtafsiri wao ameshaisoma ile karatasi, na haina beseni hata moja. Ni orodha ya spika, idadi yake na namba za katoni zake, vimeandikwa na mtu wa stoo kiwandani ambaye hakuwa na habari na uongo wa mtu yeyote.

Nilishtakiwa peke yangu, kwa kuwasilisha nyaraka za uongo forodhani na kudanganya ili kukwepa kodi. Mtu wa mabeseni aligeuka kuwa shahidi wa serikali. Maelezo yake yalikuwa mafupi: yeye si msomi, karatasi zote alimpa msomi, msomi akasoma, msomi akasema ziko sawa. Nilimlaani kwa majuma. Kilichonitesa zaidi ni kwamba katika maneno yake yote, kuhusu siku ile mezani, sikupata neno la uongo la kumshika.

Dhamana ilitaka wadhamini wawili. Mmoja alikuwa mfanyakazi mwenzake mke wangu. Wa pili alikuwa mjomba wangu wa Buguruni, kuli mstaafu wa bandari. Alikuja na barua ya serikali ya mtaa ndani ya mfuko wa plastiki, na kitambulisho chake kimefungwa kwenye leso. Karani alimuuliza kama anaelewa maana ya kumdhamini mtu. Mjomba akamjibu, "Nimebeba magunia miaka thelathini. Huyu mwepesi."

Kisha ikaanza miezi ya kutajwa. Unafika asubuhi umevaa shati la pasi, unakaa kwenye benchi na watu wa kila aina ya kosa, jina lako linaitwa, wakili wa serikali anasimama na kusema upelelezi haujakamilika, mnapewa tarehe, mnarudi nyumbani. Mtaani, jambo la ajabu, heshima yangu ilipanda. Vijana wa chini walinipigia saluti. "Mchina, walikubana wapi? Mzigo wa spika mzima! Wewe noma." Nilikataa, lakini nilikataa kwa namna ambayo haikumzuia mtu kuamini. Kariakoo haina ugomvi mkubwa na mtu aliyekamatwa akijaribu. Anayechekwa ni aliyeingizwa mjini.

Wakili wangu alikuwa binti mdogo kwangu kwa miaka kumi hivi, na ofisi yake ilikuwa ghorofa ya nne upande wa Posta, jengo ambalo lifti yake haikuwahi kufanya kazi nikiwapo. Nilimchagua kwa sababu ada yake nilimudu, na nilimdharau kidogo kwa sababu hiyo hiyo. Siku ya kwanza nilimpa historia yangu tangu soksi. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema:

"Kaka, sheria haiulizi wewe ni nani. Kwenye shtaka hili inauliza kitu kimoja: ulijua? Ulijua kwamba ankara ni ya uongo?"

"Sikujua."

"Lakini uliisoma ya Kichina."

"Niliisoma haraka haraka."

"Haraka haraka mtu anaona spika anasema beseni?"

Wakili wangu mwenyewe nilikuwa namdanganya, na yeye alilihisi hilo, kwa sababu juma lililofuata aliniita tena bila kuniambia kwamba hatutakuwa wawili. Nilikuta nakala ya karatasi ya pinki mezani, yenye rangi zake na muhuri wangu. Akaninyooshea.

"Nisomee unachokiona, hata kama ni kidogo. Nataka kujua uliishia wapi."

Nikaishika. Nikapitisha kidole. Nikasema mahali fulani hapa pameandikwa mzigo, na hapa pengine idadi, mwandiko mbaya, kaboni imefifia. Nilikuwa bado naongea mlango ulipofunguliwa, akaingia dada mmoja aliyevaa hijabu ya bluu, mwalimu anayefundisha Kichina chuoni. Wakili alikuwa amemkodi atutafsirie upya. Akasalimia, akaomba aione karatasi. Nikampa.

Kitu cha kwanza alichofanya ni kuigeuza. Aliizungusha mpaka kilichokuwa chini kikawa juu, akaisogeza karibu na macho, akaanza kusoma.

Hata kunitazama hakunitazama; kwake ilikuwa karatasi tu iliyoshikwa vibaya. Lakini wakili alikuwa ameona. Alichukua kalamu, akagusa muhuri wangu. Sasa ulikuwa pembe ya juu kushoto, kichwa chini miguu juu, na saini yangu nayo imepinduka vile vile. Kwenye karatasi zote nyingine za faili ulikuwa chini kulia, umesimama wima.

"Mwalimu," wakili aliuliza, "mtu anayejua kusoma Kichina anaweza kuisoma hii akiwa ameishika hivi, juu chini?"

"Hapana. Na asingeishika hivyo. Ni kama wewe ushike gazeti kichwa chini."

Mwalimu alipoondoka, wakili alifunga mlango. Nilitarajia anicheke au anikaripie. Alikuwa anatabasamu kama mtu aliyeokota kitu njiani.

"Kaka, hujui kusoma Kichina."

"Nakiongea vizuri sana."

"Sijauliza kuongea."

Ilinichukua muda kulitoa, na nililitoa nikitazama dirisha. Akaniambia kwamba huo ndio utetezi, wote kamili. Muhuri ule unasema nilichokataa kukisema. Ila hauwezi kusimama peke yake, kwa sababu maelezo yangu polisi yanasema niliisoma, na nimeyasaini. Lazima nipande kizimbani mwenyewe, niape, niseme kwamba sijui kusoma, na kwamba nilimdanganya mpelelezi na nimewadanganya watu wa Kariakoo miaka sita. "Na nikwambie ukweli," akaongeza, "hakimu anaweza kusema mtu aliyedanganya mara zote hizo kwa nini nimwamini leo. Hatari ipo. Lakini njia nyingine siioni."

Nilimuuliza kuhusu kukiri. Nilikuwa nimesikia kwenye benchi kwamba unaweza kukaa na upande wa serikali, ukakubali kosa kwa makubaliano, ukalipa faini, yakaisha.

Akanitazama vizuri. "Ukiri kosa ambalo hukulifanya?"

"Yaishe."

"Utakuwa na rekodi ya jinai. Hutaingiza mzigo tena kwa jina lako. Viza utaombea wapi?"

"Nitafanya biashara nyingine."

"Kwa hiyo uko tayari kuitwa mhalifu, ila si kuitwa mtu asiyejua kusoma Kichina." Hakulisema kwa ukali. Alikuwa kama anayesoma kwa sauti kilichokuwa mezani. "Watu wangapi nchi hii wanajua kusoma Kichina? Mimi sijui. Mke wako anajua?"

Hakuelewa. Yeye hakuwahi kuuza soksi. Mimi nilikuwa nimepanda kwa ngazi moja, na ngazi hiyo ilikuwa kwamba najua wasichokijua wengine. Ukinivua hicho nabaki yule yule mwenye boksi kichwani. Mhalifu mwenye akili angalau ana akili. Hivyo ndivyo nilivyofikiri, na sikuwa nimechanganyikiwa. Nilifikiri hivyo kwa utulivu, majuma matatu, huku mke wangu akiniuliza kila asubuhi kama nimeamua na mimi nikimjibu kwamba wakili bado analiangalia.

Nilikwenda Buguruni kumwambia mjomba kwamba nitakiri. Adabu ilitaka hivyo, maana ndiye aliyenisimamia. Nilimkuta uani anarekebisha jiko la mkaa.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Kesi imefika wapi?"

Nikamweleza juu juu: nitakubali kosa, faini italipwa, yeye atatolewa kwenye udhamini. Aliendelea na jiko lake.

"Spika ulizijua?"

"Sikuzijua."

"Sasa unakubali nini?"

Nikaanza kuzunguka. Nikamweleza habari za jina, za Kariakoo, za mtu kuheshimika. Mwishowe ikabidi nimwambie na ile ya kusoma. Aliacha jiko, akacheka mpaka akakohoa, na mkewe, ninayemwita shangazi, akatoka ndani kuuliza kuna nini. "Mchina wetu hajui Kichina," akamwambia. Naye shangazi akacheka, akaniuliza kama nitakula.

Kisha mjomba akafuta mikono. Hakuwa anacheka tena.

"Sikiliza. Kule mahakamani niliandika jina langu. Nilimwandikia mtu ambaye hakuiba. Bandarini nimeona wenzangu wakiondoka na mali mpaka ndani ya soksi, mimi nimestaafu na hiki kibanda. Ukienda kusema umeiba, mimi nitakuwa mdhamini wa mwizi, na uzee huu. Ujinga wako ni wako, utachekwa peke yako. Lakini wizi utakuwa wa ukoo." Akaligeukia tena jiko lake. "Hivi kwani mtu akijua huwezi kusoma, anakula nini cha kwako?"

Nilikula wali wa shangazi bila kuusikia ladha, na siku iliyofuata nikapanda zile ngazi za ghorofa ya nne.

Siku ya utetezi wangu chumba kilijaa. Kariakoo ilikuja, na sidhani wote walikuja kwa huruma. Muuza mapazia alikuwa mstari wa mbele. Dada wa Lindi alikaa nyuma karibu na mlango. Mtu wa mabeseni hakuonekana. Ushahidi wake alikwisha kuutoa.

Kuna jambo la mahakama ambalo sikuwa nimelipima. Hakimu huandika kwa mkono. Kila unachosema anakiandika, kwa hiyo huwezi kutiririka. Unasema maneno machache, unasubiri kalamu, unaendelea. Mimi nimezoea kuongea watu wakanifuata. Siku ile nilifuata kalamu ya mama mmoja mtu mzima aliyevaa miwani.

Wakili wangu akauliza, "Je, unajua kusoma Kichina?"

"Mheshimiwa, mimi katika biashara yangu nimekuwa..."

"Jibu swali, kisha utaeleza," hakimu akasema bila kuinua macho.

"Sijui kusoma Kichina."

"Taratibu. Naandika. Sijui..."

"Sijui."

"Ndiyo."

"Kusoma."

"Endelea."

"Kichina."

Kalamu ilisikika. Nyuma mtu akaguna, mwingine akacheka kwa pua, askari akasema kimya. Kila neno la miaka ile sita nililitoa kwa mwendo huo. Stoo. Simu. Kidole. Meza. Kila moja lilibaki hewani mpaka liandikwe, na lilipokwisha kuandikwa nililetewa swali la kulifuata.

Wakili wa serikali alinihoji akiwa na furaha, na simlaumu. Alinipa karatasi ya pinki na kusema, "Shika kama ulivyoishika siku ile." Kisha akauliza, "Na hii stashahada unayoitaja kila mahali, nayo ni ya uongo?"

Hapo nilisimama wima. "Stashahada ni ya kweli. Nilifaulu vizuri. Ilikuwa kwa Kiingereza. Cheti kipo, na chuo kinaweza kuulizwa."

"Kwa hiyo ni msomi wa kweli, mwongo wa kweli?"

Wakili wangu akasimama kupinga. Niliinua mkono kumzuia, jambo ambalo baadaye alinikaripia kwalo.

"Kwenye kusoma Kichina nilisema uongo," nikajibu. "Kwenye spika sikusema. Sikujua kama zipo."

"Mahakama itatofautishaje?"

"Hilo sijui, Mheshimiwa."

Hakimu aliandika na hilo pia.

Mwalimu wa Kichina alitoa ushahidi baada yangu, akaeleza juu na chini ya karatasi. Hukumu ilikuja baada ya majuma mengine, siku ya mvua, na hakimu aliisoma bila kupandisha sauti. Alisema mshtakiwa ni mtu wa majivuno na maelezo yake polisi ni ya kusikitisha. Alisema muhuri uliopinduka hauwezi kuwa umegongwa na mtu aliyeisoma karatasi, na kwamba muhuri huo uligongwa kabla mshtakiwa hajawa na sababu yoyote ya kujifanya hajui. Upande wa mashtaka haukuthibitisha kwamba nilijua. Nikaachiwa. Mizigo ya wale wanne wengine ikaamriwa kutolewa.

Mjomba alinishika bega tukiwa kwenye ngazi, akasema twende tukale. Muuza mapazia alinipa mkono akacheka. "Hongera, Mchina wa kichwa chini." Jina hilo lilifika Aggrey kabla yangu. Mwezi huo sikupata mteja hata mmoja wa kuunganisha mzigo, na hakuna aliyekuja kunieleza kwa nini.

Siku ya kutoa mizigo nilikwenda bandarini na dada wa Lindi, kwa sababu karatasi zilikuwa bado kwa jina langu. Shule zilikuwa zimefunguliwa zamani. Katoni zake zilikuwa zimekaa kwenye lile kontena kipindi chote cha joto. Tulifungua ya kwanza. Gundi ilikuwa imeyeyuka, soli zimeachia, viatu vya kushoto vimegandamana na vya kulia. Ya pili vilikuwa vizima. Ya tatu mbovu kama ya kwanza, na tulipoendelea ikawa nusu kwa nusu. Kulikuwa na aina mbili za katoni, zenye maandishi ya kiwanda ubavuni, na ilionekana aina moja ndiyo iliyoharibika.

Alisimama kati ya safu, kanga amejifunga kiunoni, akaweka kidole kwenye maandishi.

"Hapa pameandikwa nini?"

Walikuwapo wabeba mizigo watatu na ofisa mmoja mwenye daftari, wote wanasikiliza.

"Sijui, dada."

Alinitazama muda. Macho yake hayakuwa na hasira kama nilivyotegemea, yalikuwa yamechoka.

"Hilo 'sijui'," akasema, "ungelisema mwezi wa kumi, mimi Januari ningeuza."

Akatoa simu yake, akapiga picha ubavu wa katoni, akasubiri. Mtandao ulikuwa unasuasua. Mimi nilivua shati, nikaanza kushusha katoni, moja moja, nikizitenga mbovu upande mmoja na nzima upande wa pili.